Mahali Ulipomwonyesha Omondi pa Kujenga

Baba Omondi,

Sikusalimii sana. Salamu ndefu ni za watu wanaojibu.

Barua hii sikuifunga. Nimempa dereva anayekuja Nairobi ikiwa wazi hivyo hivyo, na nimemwambia akitaka kuisoma asome, na wenzako wa ofisi nao wasome. Nimeandika Kiswahili, nikaacha Dholuo, kusudi hata huyo mama uliyemwoa sasa aelewe. Sina ugomvi naye. Mwenye neno na mimi ni wewe. Mwandiko wangu ni ule ule wa darasa la nne, utauvumilia.

Unakumbuka siku ile tulitoka kwetu Mbita, tukashuka kwenye feri pale Luanda Kotieno, tukapanda kwa miguu mpaka kwenu? Omondi alikuwa amelala begani kwako, udenda umelowesha shati lako la ofisini, na wewe ukanikataza kumwamsha. Tulipofika langoni ukamshusha. Ukavunja kijiti cha mti wa siala, ukakichomeka chini, mkono wa kulia wa lango. Ukamwambia, “Omondi, hapa ndipo utajenga simba yako. Ukiota ndevu hutalala tena kwa mama. Umesikia?”

Akakuuliza, “Na kuku wangu atalala wapi?”

“Kuku utahama naye, bwana mkubwa.”

Tulicheka mpaka mama yako akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna ugomvi. Na mtoto kila asubuhi alikuwa anakojolea kile kijiti, eti kikue haraka.

Namweleza huyo mama, maana labda kwao ni tofauti. Kwetu kijana akishabalehe halali nyumba moja na mama yake. Anajenga simba, nyumba yake ndogo, ndani ya boma la baba, na baba ndiye anayemwonyesha mahali. Hawezi kujionyesha mwenyewe. Mimi siwezi kumwonyesha hata nikilia damu.

Wazee walipokaa kuvunja ndoa yetu, ng'ombe wenu wa mahari walirudi kwenu, lakini si wote. Waliobaki kwa baba yangu waliachwa kwa ajili ya Omondi. Kaka yako alisimama mbele ya watu wote akasema, “Ndoa imekwisha, lakini mtoto ni wetu.” Nilimsikia kwa masikio yangu. Wenu! Sasa mbona mtoto wenu analala kwangu, mtaani Nyalenda, chumba kimoja, nyuma ya pazia la leso, miguu imezidi kitanda?

Sauti yake sasa ni yako. Akiita kutoka nje nashtuka. Ndevu zimeanza. Na watu wana macho. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maji, yeye amenibebea mtungi, jirani mmoja akapaza sauti: “Mama Omondi, huyo bwana mpya umempata wapi, mbona mrefu hivyo?” Wakacheka wote. Nilimjibu, “Wa kwako ni mfupi kwa sababu anainama akikuona,” wakacheka tena, upande wangu. Lakini Omondi hakucheka. Aliweka mtungi chini akaenda zake. Tangu siku hiyo anakuja nyumbani kulala tu, na akilala anageukia ukuta.

Halafu ukaja wewe. Ulisimamisha gari la ofisi barabarani, hukuzima hata injini. Nilikuwa nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, mikono imejaa mafuta, nikafikiri angalau leo utakaa kwenye kiti. Hukukaa. Ulimpa mtoto kadi ukamwambia, “Niandikie kwa imeli. Ni dakika moja tu, inanifikia. Siku hizi hakuna mtu aliye mbali.” Ukampiga begani, ukaondoka. Ile kadi aliishika kama mkate wa komunyo. Mimi niliuliza imeli ni nini, akanieleza kwa subira, uso unang'aa. Sikuwa nimeuona uso ule tangu utuache.

Basi akaanza kwenda saiba, lile duka la kompyuta mjini. Akakuandikia. Ulimjibu? Nakuuliza hapa mbele ya watu, ulimjibu? Kila siku akitoka shuleni alipitia huko kuangalia. Akirudi nasoma uso wake mlangoni, sihitaji kuuliza. Yeye ndiye alikuwa anakutetea: “Labda ana kazi nyingi, Mama.” “Labda laini ya simu imeharibika.” “Labda nilikosea herufi moja.” Akaandika upya. Wewe ulisema ni dakika moja!

Mwenye duka akaona huyu mtoto haondoki, akampa kitambaa afute mashine na ufagio afagie, naye analipwa kwa kukaa kwenye kompyuta. Ndipo shule ikaanza kukosa mtu. Mwalimu akaniita, nikaenda nikasimama mbele yake kama mwizi. Nyumbani macho ni mekundu, chakula anakipeleka mdomoni bila kukitazama, vidole vinagongagonga meza kama vinamwandikia mtu. Umeme ukikatika mjini anatembea huku na huku kama mgonjwa wa malaria. Nikimwongelesha anasema, “Ee,” na hajasikia kitu.

Juma lililopita nilizima jiko mchana, nikafunga leso, nikaenda mwenyewe. Mwenye duka alinizuia mlangoni. “Mama, samaki hatununui hapa.”

“Sikuja kuuza. Nimekuja kuchukua mtoto.”

“Basi mngojee nje. Wateja hawapendi harufu.”

Nikamwambia, “Mtoto anayekufagilia amelelewa na harufu hii. Nipishe.” Akanipisha.

Omondi alikuwa amenipa mgongo, hakunisikia. Kwenye kile kioo maneno yalikuwa yanapanda tu, yenyewe, kama maji yanachemka, na yote Kiingereza. Nilimshika msichana aliyekaa kando nikamnong'oneza, “Nisomee, binti yangu.” Alisoma kidogo, akanitazama kwa huruma, akasema, “Pole, Mama. Sikujua ulifiwa na bwana. Watu wengi wanampa rambirambi. Amewaambia baba yake alizama ziwani.”

Umekufa, Baba Omondi. Ulizama. Watu wa Ulaya na Amerika wamekulilia.

Unajua kwetu kumtamkia kifo mtu aliye hai si mchezo. Nikamvuta bega. “Omondi, baba yako alikufa lini? Nani alimzika?”

Hakuona haya. Alinitazama moja kwa moja, kwa sauti hiyo yako akaniambia, “Mama, nikisema aliniacha, hakuna anayejibu. Nikisema alikufa, wote wananijibu.”

Huo ni uongo au ni kweli? Niambie wewe uliyesoma.

Lakini sikiliza, kuna jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kati ya hao wanaomjibu kuna mtu anayejiita Anko. Anasema yuko Nairobi, ana nyumba kubwa. Yule msichana alinisomea maneno yake. Anamwuliza mtoto analala wapi. Anamwuliza nani anajua kwamba wanaongea. Anamwambia shule zikifungwa aje, atampa chumba chake mwenyewe, chenye mlango wa kufunga, na asimsumbue mama kwa maneno mengi. Mtu gani mzima anamtaka mtoto wa watu amfiche mama yake? Mtoto hajui jina lake, hajaona uso wake. Nilipomkataza alinijibu, “Yeye amenipa mahali, Mama. Nyinyi hamna.”

Nimemfungia nguo zake kwenye sanduku la jirani. Nimemwomba mwalimu amwangalie. Nimemwambia mwenye saiba nikimkuta Omondi pale tena nitakaanga samaki mlangoni pake. Lakini mimi ni mtu mmoja, na kijana wa miguu mirefu hazuiwi na sanduku.

Nilienda kwenu. Ndiyo, nilienda, ndoa iliyovunjika sikuijali. Mama yako alinipa kiti, akanionyesha pale langoni. Mihogo imejaa boma zima, pale hajapanda hata shina moja. “Hapo ni pa Omondi,” akasema. Nikamsihi kaka yako amwonyeshe mtoto mahali, ajenge, jambo liishe. Akatikisa kichwa. “Baba yake yuko hai. Angekuwa amekufa ningemsimamia mimi. Yu hai, siwezi kumruka.”

Umesikia hilo? Ungekuwa umezama kweli, mwanao angekuwa na simba leo. Uhai wako ndio umemfungia lango. Na mtoto anaijua mila hiyo, usifikiri haijui. Wewe ulimfundisha akiwa begani kwako. Nilipotoka kwenu nilielewa kwa nini alikuua.

Nina hasira na wewe, uone mistari ilivyopinda. Ulitaka kuniacha, uliniacha, nimeshazoea, nakaanga samaki zangu na ninakula. Lakini mtoto si mke. Hakuna wazee wanaoweza kukaa wakakuachanisha naye.

Njoo wiki shule zitakapofungwa, kabla ya huyo Anko. Usije Nyalenda, sikuhitaji. Nenda moja kwa moja kwenu, simama pale mkono wa kulia wa lango, na Omondi atakuwa hapo, nitamleta mwenyewe, kisha nitavuka na feri niende kwetu Mbita ukiona vibaya kuniona. Chomeka kijiti. Sema yale maneno yako. Mti na matope atatafuta mwenyewe, ana mikono.

Na usimwandikie kwanza kwa kompyuta kumwambia unakuja. Ulichelewa. Atafikiri kuna mtu anamchezea kwa jina la marehemu.

Nakuacha hapo, ukiwa hai.

Mimi,
mama yake Omondi