Mlango Uliokuwa Meza

Kisumu, Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Achieng',

Nakusalimu, mjukuu wangu. Ng'ombe amezaa, na kaburi la babu yako tumelipandia maua. Unauliza kama uache chuo, kwa kuwa kodi na kazi vimekulemea, na unaona haya kwenda kukaa kwa shangazi yako.

Miaka ya themanini babu yako alisomea usanifu majengo huku akifanya kazi ya ujenzi. Chumba chetu cha Kaloleni hakikuwa na meza, basi aliung'oa mlango, akaulaza juu ya ndoo, akachorea hapo. Siku moja kabla ya kuwasilisha mchoro wa mwisho, mama mwenye nyumba akafika.

"Nyar Sondu," akaniita kwa jina la kwetu, "mlango wangu mmeuuza sokoni Kibuye? Urudi sasa hivi, au mhame!"

Babu yako akaanza kukunja karatasi. Mimi nikatoka kuwaambia majirani, jambo ambalo yeye hangethubutu. Mama Otieno akaja na kigoda na ungo wa dagaa wa omena, akaketi pale penye uwazi.

"Mlango ndio huu," akasema. "Kwa unene huu, mwizi atapita wapi?"

Mama mwenye nyumba alicheka, akaketi naye kuchambua omena mpaka mchoro ulipokamilika. Babu yako alipofaulu, ua mzima ulipiga vigelegele. Nilijivunia mume wangu, na nilijivunia ua wetu.

Nenda kwa shangazi yako, mama. Amekutandikia kitanda tangu Januari. Na mkiketi kula, nitajeni kidogo.

Ni mimi nyanya yako.