Anataka Paa Zito, Lisilopeperuka

Shangazi, pokea shikamoo yangu. Naomba msaada wako kabla ya kikao cha wazazi cha Jumamosi, maana nimefika pahali ambapo nikisema nimekosa na nikinyamaza nimekosa.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi katika shule ya msingi iliyo nyuma ya mtaa wetu, shule ya zamani, majengo matatu marefu ya matofali yaliyoezekwa mabati, ambayo sisi wenyewe tulisomea chini yake. Mwanzoni mwa mvua hizi upepo ulikuja mchana watoto wakiwa darasani, ukaingia chini ya bati la jengo la kati, ukalinyanyua paa kama mtu anavyofunua sufuria, kisha ukaliachia, na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zikashuka juu ya madawati. Wengi waliumia, na mmoja hakuamka. Alikuwa binti wa pekee wa jirani yangu, fundi cherehani, ambaye ukuta wetu ni mmoja na tumebebeana watoto mgongoni tangu wakiwa wachanga. Binti yangu alikuwa darasa hilohilo, yeye akatoka na mkono uliovunjika. Nilikuwa na jirani yangu pale hospitali walipomvua mtoto sare. Aliishona mama yake mwenyewe, na ilibidi ikatwe kwa mkasi, na mkasi aliushika yeye, hakutaka mtu mwingine aushike.

Sasa ni habari ya paa. Amejitokeza mfadhili mwenye kiwanda cha vigae, watu wanamwita Mzee Kigae, anasema atatupa bure vigae vya zege vya majengo yote, vyekundu, vya kupendeza, mpita njia ataona shule ya matajiri. Walimu wamefurahi, kwa sababu chini ya bati mvua ikinyesha hufundishi, unapayuka mpaka koo linakauka, na jua likiwaka watoto wanasinzia kama kuku wenye mdondo. Lakini mhandisi aliyekuja kukagua alipanda juu, akagongagonga mbao kwa nyundo, akashuka akatuvuta pembeni mimi na mwalimu mkuu. "Mama," akasema, "kuta hizi hazina mkanda wa zege juu. Kenchi zimeliwa na mchwa, na zilipigiliwa misumari tu, hazikufungwa popote. Mkipandisha vigae, uzito utazisukuma kuta nje." Anashauri mabati mapya yaliyo manene kidogo, kenchi mpya za mbao zenye dawa, mkanda wa zege kuzunguka ukuta wote na kila kenchi ifungwe humo kwa chuma, kisha dari ya kupunguza kelele na joto. Shida ni kwamba kwa njia hiyo uwezo wetu kwa sasa ni jengo moja tu, na mengine mawili, ambayo mbao zake ni za umri uleule, itabidi yangoje, na humo ndimo tulimowabana watoto wote.

Kikao kilichopita nilisimama kueleza hayo. Sijafika popote, jirani yangu akainuka kule nyuma, yeye ambaye tangu msiba hakuwa amesema neno mbele za watu.

"Bati liliruka," akasema. "Bati jepesi liliruka likaniulia mwanangu. Mimi nataka paa zito, lisilopeperuka. Leo tunapewa kigae bure, na wewe unatuletea bati tena?"

Nikamwambia, "Jirani yangu, si bati lililo..."

"Mwanao yuko hai. Ndiyo maana bati linakutosha."

Ukumbi mzima ukampigia makofi, Shangazi, makofi, na Mzee Kigae akainamisha kichwa kama mtu anayeombewa dua. Nikakaa. Tangu siku ile cherehani yake naisikia ukutani, lakini nikibisha mlango haufunguliwi.

Mwalimu mkuu ananiambia, "Mwenyekiti, wapigishe kura tu. Wengi wakitaka kigae, lawama si yako." Moyo unanivuta huko, sikufichi. Nitamwambiaje mama aliyezika kwamba anakosea kuhusu kilichomuua mwanawe? Nipigishe kura ninyamaze, au nimpinge mbele ya mtaa mzima?

Ni mimi,
Mwenyekiti aliyeishiwa maneno

*

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole kwa mkono wa binti yako, na pole kwa msiba ambao ni wako pia ingawa hakuna anayekuruhusu kuulilia. Hilo nimelisema kwa moyo. Sasa kaa vizuri, maana nitakukaripia.

Umenieleza makofi, umenieleza cherehani, na katikati ukapitisha harakaharaka kwamba watoto wote wamebanwa chini ya mbao za umri uleule. Hapo nilisukuma kikombe cha chai pembeni. Unaniuliza mtaezeka nini baadaye, na leo hii watoto wa watu wamekaa chini ya kifo kilekile! Sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia kwa namba uliyoiandika, ukaniambia, "Shangazi, hatuna pa kuwapeleka." Nikakujibu uwanjani ni pa kuwapeleka. Nashukuru ulinirudia kuniambia wametoka, wanasoma kwa zamu katika ukumbi wa mtaa, na wazazi wanakutukana kwa usumbufu. Waache watukane. Tusi halijawahi kumvunja mtoto mbavu. Majengo hayo yatiwe kufuli, na yabaki hivyo mpaka zamu yake ya kuezekwa ifike, hata kama ni mwaka kesho.

Kura usipigishe. Wazazi wanaweza kupigia kura rangi ya paa. Uzito ambao ukuta unaweza kuubeba haupigiwi kura, na mwalimu mkuu analijua hilo, anakutafutia tu pa kujificha ili naye ajifiche nyuma yako. Mrudishe mhandisi asimame mwenyewe mbele ya watu. Alete kipande cha kenchi iliyoliwa, akivunje kwa mikono yake wakiona. Kwa nini aliwavuta pembeni? Habari ya roho za watoto hainong'onwi.

Mzee Kigae mshukuru kwa adabu, kisha mwambie, "Mzee, kuta zetu hazina nguvu ya kubeba zawadi yako. Tusaidie saruji, nondo na mbao." Akikubali, amewapenda watoto. Akinuna, alitaka kuonekana kutoka barabarani, basi na aende salama. Walimu nao usiwapuuze, mtu hafundishi ndani ya ngoma. Dari iingie katika kazi tangu mwanzo, isiwekwe kando kusubiri "baadaye", maana sote tunaijua hiyo baadaye.

Limebaki la jirani yako, na ndilo zito kuliko kigae. Usimpinge mbele za watu kabla hujamwendea. Nenda kabla ya Jumamosi. Asipofungua, keti mlangoni pake useme kupitia mlango, anakusikia. Usimfundishe habari za mchwa. Usimwambie unajua anavyojisikia, kwa sababu hujui. Mwanao yuko hai, hapo alisema kweli, na umwambie kwamba alisema kweli. Mwambie nawe unataka paa lisilopeperuka. Mwambie lile halikuruka kwa wepesi wake, liliruka kwa sababu hakuna aliyelifunga, na kwamba kigae juu ya kuta zile kitamzika mtoto wa mama mwingine. Kisha nyamaza. Akilia, kaa. Akikufukuza, ondoka bila neno.

Huenda asifungue kabisa. Huenda Jumamosi akainuka tena kule nyuma, na watu wakampigia makofi tena, na wewe ukabaki peke yako pale mbele. Ngoja makofi yaishe. Halafu waambie kwamba kuta hizi hazibebi kigae, uwaambie kwa sauti ya kuwafikia mpaka walio mlangoni, wala usikae mpaka umemaliza.