Upande Huu wa Reli

Jumapili, 6 Oktoba

Verlin hajaja tena. Nimeegesha pale pale, kwenye uwanja wa kanisa la Walutheri, gari likitazama magharibi. Kando yangu nafasi yake tupu. Yeye hutazama mashariki, dirisha kwa dirisha na mimi, ili treni isitupite kokote itokako. Hata Walutheri wenyewe hawaegeshi pale. Wanajua ni pa Verlin, yule Mkatoliki.

Treni ya makaa ya mawe imepita katikati ya mahubiri. Mlango wa kanisa ulikuwa wazi, nikamsikia mchungaji akinyamaza, kama kawaida, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Verlin husema Mungu wa Walutheri amezoea kungoja. Nimecheka peke yangu. Kicheko cha peke yako kinachosha.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimtafute. Lakini nimtafutie wapi? Miaka yote hii! Najua injini aipendayo — ile nyekundu ya zamani, ya kampuni iliyokufa. Najua anavyokunywa kahawa. Jina la ukoo wake silijui, wala nyumba yake. Hatujawahi hata kushuka garini tukapeana mikono.

Jumapili, 13 Oktoba

Bi Ardith wa jikoni la kanisa ameniletea kahawa dirishani na kipande cha keki ya maboga. Ndiyo mtego wake.

"Ingia ndani, Delbert. Viti vyetu having'ati."

Nikamwambia nangoja treni.

"Na Yesu anakungoja wewe. Tofauti yake hapigi honi."

Nikamuuliza habari za Verlin. Uso ukambadilika. Kwani sikusikia? Kiharusi! Amelala kwenye nyumba ya wazee, ng'ambo ya reli. Binti yake amekuja kumchukua, wanahamia kwake Arizona. Jumapili ijayo wanahudhuria misa kwa Wakatoliki, huko huko ng'ambo, kisha wanaondoka moja kwa moja.

Nimeinywa kahawa yote. Sikusikia ladha.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimekwenda kwenye ile nyumba ya wazee. Dada wa mapokezi: Verlin yupi? Wapo wawili. Wa treni, nikasema. Akaniuliza nahusiana naye vipi. Nikasema tunatazama treni pamoja. Alinitazama kama mtu aliyeingia duka la nyama kununua kiatu. Wanaoruhusiwa kuingia ni ndugu zake tu, akasema, lakini atampa binti yake namba yangu.

Jioni simu ikalia! Janelle, binti. Sauti nzuri, imechoka. Baba hawezi kusema vizuri, anasema, ila honi ikilia anageuza kichwa. "Ndiye wewe Magharibi? Alikuwa akikutaja kila siku. Nilidhani ni jina lako." Nije tuagane nje ya kanisa baada ya misa. Hawataweza kungoja, njia yao ni ndefu.

Magharibi! Upande gari langu linakotazama. Nimeketi na simu mkononi hadi ikapoa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimepiga shati pasi. Nimejaribu maneno mbele ya kioo, yote ya kijinga. Nitamshika mkono, basi.

Naogopa. Tangu mke wangu Lorna afe sijazoea mtu mwingine. Akiondoka Verlin, nani mjini hapa atajua kama nimeamka au sikuamka? Bi Ardith labda, kahawa ikipoa.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika nimesimama, daftari juu ya boneti. La sivyo nitalia mbele za watu.

Nilitoka mapema. Geti la kivuko cha reli lilikuwa juu, njia nyeupe. Kuvuka tu! Redio yangu ya kunasa maongezi ya madereva wa treni ikakoroma — dereva wa treni anaingia mjini, na mbele ana ile injini nyekundu. Ile ya Verlin! Nikasema dakika moja tu, niione vizuri, nipate la kumwambia. Nikakata kona nikaingia kwa Walutheri.

Ikapita. Nzuri! Imeoshwa, inang'aa. Nikapunga mkono, dereva akanipigia honi. Halafu mabehewa yakaanza kulegea. Yakalegea zaidi. Yakasimama juu ya kivuko chenyewe.

Majuto ni mjukuu.

Redio inasema njia mbele haijafunguliwa. Kivuko kingine nacho kimezibwa, treni ni ndefu kuliko mji. Nipenye kati ya mabehewa? Hapana. Treni iliyosimama ni treni inayotaka kuondoka. Nimeona viatu vya aliyesahau hilo.

Kwenye upenyo wa behewa na behewa nauona mlango wa Wakatoliki. Watu wanatoka. Mwanamke wa koti la bluu anatazama huku na huku — Janelle, lazima awe yeye. Nimepiga honi. Nimempigia simu. Bado imezimwa tangu kwenye misa.

Na yule pale kwenye kiti cha magurudumu! Amekonda. Hanitafuti. Anatazama upande ilikokwenda injini, anatabasamu kwa nusu ya mdomo. Ameiona! Kaiona peke yake kule, nami nimeiona peke yangu huku.

Janelle ametazama saa. Amefungua mlango wa gari.

Breki za treni zimepumua! Mabehewa yanavutana, kishindo kinakuja huku, moja baada ya jingine. Inasogea. Haraka, mama we! Sijawahi kuiombea treni iishe.

Upenyo unapita, nawaona vipande vipande. Janelle anasukuma kiti kuelekea garini. Verlin amekamata gurudumu kwa mkono wake mzima. Janelle anainama, anamsihi. Haachii. Sisi watazama treni, hakuna anayeondoka kabla ya behewa la mwisho kupita. Lishike hapo hapo, Verlin, usiachie, bado —