Jina la Mwanangu Mbele ya Wazazi

Jumamosi, saa nne asubuhi. Ukungu wa Newala haujaondoka bado, na mkono wangu wa kulia unachapa kwa kidole kimoja. Mahafali yalikuwa jana. Naandika kabla hayajanitoka.

Kwa anayefika kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa historia niliyeachishwa kazi na jeraha la kichwa. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, malori ya korosho hukimbizana barabarani kila msimu, na moja lilinigonga nikiwa juu ya baiskeli, narudi nyumbani Mnyambe. Huu ni mwaka wa nne. Nimejifunza upya kufunga vifungo, kushika kijiko, kupanda ngazi za baraza langu mwenyewe. Mambo ya zamani ninayo yote, hata majina ya wanafunzi wangu wa kwanza. Mapya hayakai, hasa majina. Yaingiayo asubuhi, jioni yameshaondoka.

Katika majuma yale niliyolala hospitali bila fahamu, mwanangu alitoka jandoni. Mjomba wake alisimamia kila kitu, kama ilivyo desturi yetu, na kijana akapewa jina jipya: Mfaume. Huku kwetu jina la utoto likishaachwa jandoni, halitajwi tena. Ukimwita mtu kwalo mbele ya wenzake, umemvua nguo.

Na kichwa changu kinalijua hilo la utoto tu.

Sitaliandika hapa.

Mwaka jana nilimwita kwalo kwenye kiwanja cha mpira, mbele ya vijana waliokaa naye jandoni. Walimwuliza kama ameshaachishwa ziwa. Mjomba wake alinitoza kuku, nikatoa kuku, na wazee wakasema yamekwisha. Hayakwisha. Tangu siku ile Mfaume hali chakula sahani moja nami. Huniamkia kila asubuhi, naitikia marahaba mwanangu, kisha kila mtu anashika njia yake. Nakiri kwamba neno “mwanangu” limekuwa maficho yangu.

Kisha mkuu wa shule anayosoma Mfaume akaniomba nizungumze kwa niaba ya wazazi, siku ya kuwaaga kidato cha nne. Utaratibu wao ni kwamba mzazi msemaji humwita kwanza mtoto wake kwa jina, asimame, ndipo awaage wote. Mke wangu, Mama Mfaume, aliniletea ujumbe wa kijana: baba asimame akipenda, ila mimi asiniite. Akaniomba angalau niliandike jina kwenye karatasi. Nikakataa. Kwa miaka ishirini nimezungumza na hadhara bila karatasi. Kiburi changu hakikuumia katika ajali ile.

Nilianza vyema. Sentensi zilikuja kwa mpangilio wake wa zamani, nikasikia ukumbi ukitulia, na kwa dakika chache nilikuwa mtu mzima tena. Nilizungumzia jembe na kitabu, nikawashukuru walimu, nikageukia safu ya wahitimu. Hapo palitakiwa jina.

Pakawa patupu.

Kisha lile lingine likaja. Halikusitasita kamwe, lilikaa kwenye ncha ya ulimi kama mgeni aliyeshavaa viatu. Mfaume alikuwa safu ya mbele, anatazama viatu vyake. Mama mmoja nyuma akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kusikika, “Mwalimu kasinzia huyo,” na watu wakacheka. Nilijua kwamba nikifungua mdomo tu, ninampoteza.

Nikaushika ukingo wa meza. Nikasema taratibu, neno moja moja:

“Ndugu zangu, jina la mwanangu limenitoka. Linalokuja ni lile lisilotajwa, na hilo silitamki. Namwomba mwenyewe anisaidie.”

Kicheko kikakoma. Hakusimama. Niliona shingo yake ikitanuka kwa pumzi, nikadhani atatoka nje, na nisingemlaumu. Baadaye kiti kikaburuzwa.

“Naitwa Mfaume,” akasema. “Mwalimu huyu ni baba yangu.”

Nililirudia kwa sauti mara mbili, nikamaliza hotuba. Sikumbuki nilimalizaje.

Tuliporudi kwa miguu, mama yake alitangulia na majirani. Mfaume alipunguza mwendo mpaka tukawa sawa.

“Baba, lile la zamani lilikuja kweli?”

“Lilifika kwenye meno.”

“Ukalimeza.”

“Nikalimeza.”

Tulipita mikorosho ya jirani. Kisha akasema njaa inamuuma na mama ameacha ugali wa muhogo na kisamvu, twende tukale. Tulikula sahani moja. Alinisogezea kisamvu upande wangu.

Leo nimelichapa jina lake mara kadhaa, na kila mara nimemwuliza mama yake, aliyeketi hapa kando yangu. Sitaki msomaji adhani nimepona. Kesho asubuhi litakuwa limeondoka tena. Akija kuniamkia nitamwuliza anaitwa nani, hata kama barazani wamekaa wageni.