Mkono Uliomtetemesha Mbuzi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi. Natumaini goti limeacha kukusumbua na shemeji ameshapona mafua yake. Mimi nipo, napumua; uchovu tu ndio umehamia kwangu na haulipi kodi.

Uliniuliza kama bado nachora matangazo ya sabuni. Nilishaachana nayo. Baada ya miaka ya kuchora mapovu yanayocheka, hatimaye nimo kwenye filamu ndefu ya katuni, ya mbuzi anayeogopa kivuli chake. Usicheke. Mbuzi akipiga hatua moja tu, mimi nachora karatasi kumi na mbili, kila moja ikitofautiana kidogo na mwenzake. Jioni macho yanawasha kama yametiwa mchanga.

Mwezi uliopita mwongozaji wa filamu alitazama kipande changu kikionyeshwa ukutani, akaagiza kirudiwe. Mistari ya mbuzi ilikuwa inatetemeka, kuanzia pembe hadi kwato. Nikajua leo nimekwisha. Kumbe amependa! Akasema huo ndio woga wenyewe, na kuanzia siku ile wachoraji wote wachore hivyo. Sasa wanauita mtindo wa Mzee, na Mzee ndiye mimi. Binti wa meza ya jirani alihangaika sana, maana mkono wake umetulia tuli na mistari inanyooka tu. Basi nikakaa naye, nikamfundisha kutetemeka. Nilimwambia alegeze kiwiko, abane pumzi. Yote nilitunga palepale.

Dada, sina mtindo wowote. Mkono wangu wa kulia hautulii, hata nikiukalia. Nimekwenda kwa daktari, na ugonjwa alioutaja ni uleule ulionitajia wewe zamani, tukiwa tumesimama nje ya chumba cha baba. Kazini hajui mtu. Filamu itakwisha tu. Binti ameshaushika mtetemo kuliko mimi. Hilo linaniuma, lakini si ndilo linaloninyima usingizi. Wewe ndiye uliyemlisha baba mpaka mwisho, mimi nilikuwa nakuja likizo na kuondoka. Naogopa, dada. Niambie bila kunificha: aliposhindwa kushika kijiko, alikuonea haya?

Wasalimie wapwa zangu wote, na yule mtundu mwambie mjomba anamkumbuka. Ukishasoma usinipigie simu, maana sauti yako nitashindwa kuistahimili. Niandikie.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti