Mchanga wa Matembele

Masasi, 9 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umepoa na mdogo wangu Dina anakuchotea maji bila kununa. Mimi mzima wa kuongea tu, mwili umechoka, uchovu ambao nalala nao na kuamka nao. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu nakudanganya. Ukiniuliza hali, ulimi unasema nzuri kabla sijafikiri.

Hapa hotelini kazi ni ile ile. Mama Elineema, tajiri wangu, ni mtu wa Same na hana utani na kachumbari. Kitunguu anakitaka chembamba kiasi cha kusoma gazeti kupitia ndani yake. Mwanzoni alishangaa kuniona nakata mkononi, bila kibao. Nikamweleza ulivyonifundisha huko nyumbani Chiwata: majani unayakunja pamoja, unayabana kwa mkono wa kushoto, unayasukuma kidogo kidogo kwa kidole gumba kuelekea kwenye kisu. Ulisema macho yanaweza kumtazama mgeni, kidole gumba ndicho kinachojua kisu kimefika wapi. Tangu hapo kabichi na matembele yote yakawa yangu, na wateja wakamsifu yeye.

Tangu Machi sikati tena. Nachambua mchele na kufuta meza. Vidole vya kushoto vilianza kufa ganzi tangu Krismasi, nikajiambia ni kazi nyingi. Mama Elineema aliniletea kibao, nikakata vitunguu vinene kama vya kulishia mbuzi. Hakunifokea. Alikichukua kisu taratibu akampa Priska, msichana aliyeanza kazi juzi tu, na hilo liliniuma kuliko kufokewa.

Nikaenda hospitali ya Ndanda. Nesi alinichoma kidole apime damu, nami nikamuuliza ataanza lini kunichoma. Alinitazama kwanza. Kisha akasema ni kisukari, kimekaa siku nyingi, kimeharibu mishipa ya fahamu. Sasa nameza dawa na chai nakunywa bila sukari, na bado nachoka kabla jua halijakaa sawa.

Nimezunguka sana, mama, maana ninalotaka kusema ni zito. Dina ameniambia wewe na shangazi Yuliana hamsalimiani tangu arobaini ya baba, hata mikorosho mmepalilia kila mtu kivyake. Anasema shangazi analalamika kwamba alifedheheshwa mbele za watu katika arobaini ya kaka yake mwenyewe. Na wewe unajibu kwamba mtu mzima haleti mboga za mchanga kwenye shughuli, na kwamba mwanao hawezi kusema uongo. Mama, hapo ndipo niliposhindwa kula.

Unakumbuka siku ile ya arobaini ulinikabidhi kisu chako mbele ya wanawake wote, ukajisifu kwamba sasa wataona mboga inavyokatwa. Shangazi alikuwa ameosha matembele mara tatu, kwa ndoo mbili alizojitwika mwenyewe kutoka kisimani. Nikakata huku napiga soga, nikiwatazama watu. Nilipoinamisha macho damu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye kiwiko, nami sikuwa nimesikia chochote. Nilifunga mkono kwenye kanga, nikamwaga beseni zima shimoni, nikasema yana mchanga. Niliona aibu, wewe ndiyo kwanza umetoka kunisifu. Shangazi akaondoka analia kabla ya chakula, nami nikamwacha aende.

Hayakuwa na mchanga, mama. Yalikuwa na damu yangu.

Ukimaliza kusoma, nakuomba upeleke barua hii kwa shangazi, Dina awasomee tena mkiwa mmekaa pamoja. Ukinikasirikia, ni haki yako. Ila yeye msimwache na aibu isiyo yake hata siku moja zaidi.

Kisu chako, niliondoka nacho siku ile ndani ya kanga. Nimekinoa, nimekifunga kwenye kifurushi hiki. Mpe Dina, kidole chake bado kinasikia.

Jumapili nitakuja. Mwambie shangazi matembele aoshe yeye kama siku ile, mbele ya wanawake wale wale, akate Dina. Maji nitabeba mimi.

Wasalimie wote wa nyumbani, na wa kwanza awe shangazi.

Mwanao,
Wilhelmina