Nilikuwa Seoul Nikichagua Plasta za Magoti

Jumanne, Oktoba. Nkuhungu, Dodoma.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia mpaka kwenye kabati lililofungwa. Bomba limekauka tangu juzi, na jua linawaka kama lina ugomvi na mtu. Mimi nimevaa soksi. Sijui kwa nini nimevaa soksi. Sisikii joto wala baridi.

Leo ndiyo nimefungua begi la Korea.

Nimelifungua kwa sababu wateja wanauliza. Msiba ni msiba, lakini duka ni duka, na kodi ya fremu haijui nimefiwa. Nikakaa kwenye mkeka nikaanza kupanga: losheni huku, barakoa za uso huku, mafuta ya nywele kule. Bei ya won, pesa yao, nazidisha kwa mbili, nakata kidogo, naongeza mzigo, naweka faida. Mikono inafanya kazi yenyewe. Nilianza na beseni la losheni kichwani pale Jamatini, natembeza kwa akina mama wa ofisini. Hakuna aliyenipa mtaji. Kwa hiyo kupanga bidhaa naweza hata nikiwa nimelala.

Chini kabisa nikakuta plasta za magoti. Pakiti ishirini. Zile zinazotoa joto ukizibandika.

Hizo sikuzinunua za kuuza. Zilikuwa za mama.

Nikakaa nazo mapajani mpaka adhana ya adhuhuri.

Niandike tu, maana kusema nimeshindwa. Kila anayekuja kunipa pole namwambia "ahsante, tumeshapoa," kama mtu anayejibu habari za asubuhi.

Safari ilikuwa ya Skola. Skola ni rafiki yangu tangu tulipopanga chumba kimoja wote hatuna kitu. Yeye ni Msandawe wa Farkwa, kule Chemba, siku hizi ana ajira ya wizara na nyumba Nzuguni. Alikuwa na likizo, mimi nilikuwa na akiba na hamu ya kuona bidhaa ninazouza zinatoka wapi. Lakini aliyetusukuma hasa ni mama. Mama alikuwa hapitwi na tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa. Magoti yalishamkatalia kutoka, basi anakaa na runinga yake, anawatukana mama wakwe wa Kikorea kwa majina.

"Nenda," aliniambia. "Ukaone kama kweli wanalia vile, au wanatuzuga. Na huyo mfalme, niletee picha ya nyumba yake."

Nikaenda.

Kule mimi na Skola tulikuwa na laini moja ya simu. Hilo ni wazo langu. Nilisema ya nini kununua laini mbili wakati mmoja anaweza kumrushia mwenzake data? Skola akasema sawa, mhasibu. Laini ikawa kwenye simu yake. Mimi nikawa natumia za kurushiwa, na usiku waifai ya nyumba ya wageni.

Naiandika hii ya laini kwa sababu nairudia kila nikilala.

Siku yenyewe ilikuwa sikukuu yao kubwa, ya mavuno. Mji umepungua watu. Mama mwenye nyumba ya wageni alitueleza kwa ile simu yake inayotafsiri kwamba watu wamerudi kwao, kufyeka nyasi kwenye makaburi ya wazee wao na kuwawekea chakula. Skola akasema, "Kumbe Wachaga na Krismasi yao wana ndugu huku." Tulicheka mpaka mama wa watu akacheka bila kujua anacheka nini.

Asubuhi tulikwenda kwenye kasri la mfalme. Kiingilio bure kwa ajili ya sikukuu, na mimi kitu cha bure kinanipa furaha ya pekee. Mabinti wamevaa yale magauni mapana, wanapiga picha. Nikapiga na mimi. Nikamrekodia mama: "Mama, nimefika kwa mfalme wako, hayupo, kaenda makaburini na yeye." Nikabonyeza kutuma. Haikwenda.

"Skola, data."

Skola alikuwa amesimama pembeni ya nguzo nyekundu, simu sikioni. Alikuwa anaongea Kisandawe na mama yake. Kisandawe kina ile midomo kubofya bofya, mimi miaka yote sijui hata neno moja, huwa namtania anaongea kama anaita kuku. Alipokata akaniambia bando limekwisha, na leo sikukuu, pa kuongezea hakuna.

Nikaamini. Kwa nini nisiamini?

Sasa najua kwamba kabla ya kuongea na mama yake aliongea na kaka yangu Shabani. Mama alikuwa amefariki kwenye alfajiri ya huku, usingizini. Kwetu huku na kule tunatofautiana saa sita, kwa hiyo kule ilikuwa saa tano asubuhi, na mimi niko kwa mfalme natafuta pembe nzuri ya picha. Shabani alimwambia Skola: "Usimwambie. Yuko ugenini, atatufia huko. Mtembeze, mlishe, alale. Akifika tutamwambia wenyewe."

Ndivyo tunavyofanya sote. Mimi mwenyewe niliwahi kumficha binamu yangu aliyekuwa Mwanza, nikamwambia baba yako anaumwa kidogo, njoo, wakati alishafariki. Msafiri haambiwi. Nilikuwa naona ni busara.

Skola akanitembeza.

Alinitembeza kuliko siku zote. Yule Skola ambaye huwa tunagawana mpaka bei ya maji, siku hiyo kila nikitoa pochi anasema weka. Mtaa wa vipodozi tuliupiga wote. Nilijaribu losheni mkono mpaka kiwiko, nikauliza bei za jumla kwa vidole na kikokotoo. Nilikuwa na furaha. Niandike hivyo hivyo: nilikuwa na furaha sana.

Kwenye kichochoro tukakuta kiduka cha dawa kiko wazi, bibi mmoja ndani na runinga yake. Nikaziona plasta. Nikamwambia Skola, hizi ni za mama, hizi ndizo nilizokuwa nazitafuta. Skola akachukua pakiti moja, akaigeuza. Halafu akaniuliza, "Ngapi?"

Nikasema ishirini, nipunguziwe.

Bibi akakataa kupunguza. Mimi nikawa tayari kukubali. Skola akaingia. Skola hajui kupatana bei, siku zote mimi ndiye nampatania, lakini siku hiyo aliinamia ile kaunta akabishana na bibi wa watu kwa mikono miwili, anaandika namba kwenye simu, bibi anafuta anaandika yake, Skola anafuta tena. Anamwambia kwa Kiswahili kabisa, "Bibi, ni za mama. Nakuomba. Ni za mama." Bibi akapunguza, akaongeza na pakiti moja ya bure, ambayo Skola aliitia kwenye mkoba wake.

Nilimtania njia nzima. Nikamwambia nikirudi nakuajiri dukani.

Alikuwa anampatania maiti.

Jioni tukala nyama. Ile ya kujichomea mezani, unafunga kwenye jani, unapaka pilipili, unatia mdomoni lote. Nilikula sana. Skola hakula, alikuwa anachoma tu, ananifungia majani, ananiwekea kwenye sahani. Machozi yakawa yanamtoka. "Pilipili hii!" akasema. Mtoto wa Farkwa, anayetafuna pilipili kichaa mbichi na ugali! Nikamcheka. Nikamwambia umeanza kuwa mzungu.

Ilikuwa saa moja usiku kule. Huku saa saba mchana. Walikuwa wanamwosha mama.

Hapo ndipo penyewe. Mama alishaniambia zamani, na si mara moja: "Wewe ndiye utaniosha. Mama yako mdogo ana mikono mizito, ataniumiza." Tulikuwa tunacheka. Mama mdogo mwenyewe alikuwepo, akasema, "Basi nitakuosha na steelwire ya masufuria." Lakini mama aliponiangalia hakuwa anacheka. Ni kitu pekee alichowahi kuniomba. Pesa hakuniomba, nyumba hakuniomba. Hicho tu.

Mama mdogo ndiye aliyemwosha.

Na saa kumi, walipokuwa wanamshusha, kule ilikuwa saa nne usiku. Mimi na Skola tulikuwa juu ya mnara, mji wote chini unawaka. Ninayo picha. Nimenyoosha vidole viwili. Skola alinikumbatia kwa nyuma akakaa hivyo muda mrefu, nikamwambia niachie, unanibana, watu wataelewa vibaya.

Tuliporudi, waifai ya nyumba ilikuwa imezimwa. Mama mwenye nyumba alikuwa bado macho. Akaniletea vile vitumbua vyao vya sikukuu, vya mchele, vimekunjwa nusu mwezi, ufuta na sukari ndani. Akanipa kwa mikono miwili, akainama, akabaki ameinama. Nikadhani ndiyo adabu yao. Nikainama na mimi.

Skola ndiye aliyemwomba azime. Alimweleza kwa ile simu ya kutafsiri. Kwa hiyo yule mama wa watu, hajui hata jina langu sawasawa, alijua nimefiwa na mama.

Alijua yeye. Mimi sikujua.

Tulirudi kesho yake kwa tiketi zetu zile zile. Simu yangu ilizima njiani, na chaja ilikuwa kwenye begi kubwa. Aliyelipanga begi ni Skola. Stesheni ya treni hapa Dodoma nikamkuta Shabani na kanzu. Shabani hajawahi kunipokea popote. Tukaenda moja kwa moja nyumbani kwa mama, tukakuta vijana wanakunja turubai, viti vinapakiwa kwenye kirikuu. Nikashuka nacheka. Nikasema, "Nani kaolewa? Mmeniozesha na mimi sipo?"

Mama mdogo akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Matanga nayo nilikuta yanaanuliwa.

Nilipochaji simu pale pale sebuleni, picha zote zikaenda kwa mpigo. Mfukoni mwa kanzu ya Shabani mukaanza kulia ting, ting, ting. Simu ya mama alikuwa nayo yeye. "Mama, nimefika kwa mfalme wako."

Sikulia. Mpaka leo sijalia. Watu wanaona ni ukakamavu.

Shabani nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Tungekuambia ungefanya nini, mdogo wangu? Ungelia kwenye ndege za watu?" Na mimi, kwa kuwa kichwa changu ndivyo kilivyo, nikaenda chumbani nikapiga hesabu. Ndege ya kwanza ya usiku ule. Kubadilisha njiani. Dar. Treni. Nimepiga kwa njia zote, hata kwa kukodi gari Dar. Nisingewahi kumwosha. Nisingewahi hata kumzika. Ningewahi usiku mmoja tu wa matanga, basi.

Hesabu iko upande wa Skola.

Nimeirudia nikitafuta kosa. Haina kosa. Lakini ule usiku mmoja ulikuwa wangu. Na kama nisingewahi chochote, ile jioni ilikuwa yangu pia. Ningekaa chini kwenye kile chumba, nikajua kwamba saa hii mama anamwagiwa maji, na mimi ni mtoto wake. Badala yake nilikuwa natafuna nyama. Nani aliyewapa ruhusa ya kunipangia hivyo? Nimejilisha mwenyewe tangu nikiwa binti, nimenunua kiwanja bila kumuuliza mtu, halafu siku ya mama yangu nalishwa kwa majani kama mtoto.

Shabani ni kaka, nitamsalimia tu. Skola ndiye sijui nimfanyeje.

Jana alikuja tena. Niliacha kumfungulia tangu siku aliponieleza yote, pale pale msibani, analia kwa niaba yetu wote wawili. Jana akagonga, nikakaa kimya kwenye mkeka kama mpangaji anayemkimbia mdai.

"Hawa," akaita. "Najua umo. Viatu vyako viko mlangoni."

Nikaikunja miguu kwenye mkeka.

"Basi usifungue. Nimekuletea maji, nimesikia huku hakuna. Usiyaache juani."

Nikasikia madumu yanawekwa chini. Mawili. Kutoka Nzuguni, kwa bodaboda, upande mmoja wa mji mpaka mwingine. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, si kwa mlango tena, nadhani kwangu mimi hasa: "Nilikufungia majani kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono."

Akaondoka. Maji nimeyatumia. Ningefanyaje, maji ni maji.

Leo, baada ya adhuhuri, nimefungua pakiti moja ya plasta. Magoti yananiuma tangu msibani, kwa kukaa chini. Nikaondoa karatasi, nikabandika goti la kulia. Nikangoja. Nikasema nimeuziwa uongo na yule bibi. Nikaendelea kupanga losheni.

Kisha ikaanza. Kidogo kidogo, halafu ikachoma kabisa. Nikashika goti kwa mikono miwili. Ni kitu cha kwanza kunifikia tangu nishuke kwenye ile treni.

Nikabandika na la kushoto.

Zilizobaki sitaziuza. Nimezipiga bei kwa mazoea, faida yake ni nzuri, halafu nimezitoa kwenye mzigo wa duka. Nimezitia kwenye mfuko mweusi, nimeuweka mlangoni karibu na madumu matupu. Mama yake Skola kule Farkwa analima mlimani, na magoti yake nimeyasikia yakilalamikiwa mwaka mzima. Atampelekea.

Sijamsamehe. Niweke wazi hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Lakini madumu ni yake, lazima aje kuyachukua, na akigonga sitamwacha nje kama mdai. Nitafungua. Nitampa mfuko mkononi. Halafu nitamwambia akae chini anisimulie ile siku upya, tangu simu ya kwanza pale kwenye nguzo, na asiruke kitu. Kila alipokuwa ananilisha, aniambie wao huku walikuwa wamefika wapi.

Nataka niwepo, hata kwa kuchelewa.

Upepo bado. Magoti yana joto. Soksi nimevua.